Maneno ya Mbweha Mbele ya Sista

Kwanza mnivumilie na huu mwandiko, niliishia darasa la nane na mkono wangu ni mzito, mahali nimekosea herufi someni tu mbele. Aibu hii sijamwambia mtu, lakini hasira imenikaa kifuani mpaka nimeona heri niiandike.

Mimi naosha vyombo katika hoteli ndogo hapa Kitale. Nilisikia kuna sista mgeni anayeongea Kihispania na Kiingereza cha kuokoteza, anafungua shule ya watoto wadogo Bungoma, na anatafuta msichana wa kukaa nao, asiyeogopa lugha yake. Watu wazima nawaogopa, watoto siwaogopi, na kazi hiyo niliitaka kuliko kitu chochote. Basi nikaanza kusikiliza hadithi za watoto za Kihispania kwenye simu. Nasikiliza nikisugua sufuria, nikipumzika nasoma maneno chini ya picha, halafu nasikiliza tena nikiwa nimefumba macho. Mama anayesoma huenda polepole, na kila mnyama anampa sauti yake (mbuzi analia kweli kweli). Mwishowe nikawa naelewa hadithi nzima. Kuongea bado. Kuongea sikuwa nimejaribu hata na paka.

Kosa langu ni moja, nilimwambia khocha, yaani ndugu ya mama, ambaye ni mwenyekiti wa kanisa huko Bungoma. Nilimwomba anipeleke kwa sista kimyakimya, sisi wawili tu. Akasema, "Hiyo ni ndogo, mwanangu. Njoo Jumapili."

Nafika, kumbe ni siku ya kumkaribisha sista, kanisa limejaa mpaka nje, na kwetu mgeni wa heshima haendi mikono mitupu, anapewa jogoo. Khocha akasimama mbele. "Mpwa wangu ametoka Kitale, Kihispania anakunywa kama chai! Yeye ndiye atampa sista jogoo, na amsalimie kwa lugha yake!"

Nikamnong'oneza, "Khocha, mimi nasikiliza tu, siongei."

"Si ni lugha ile ile? Enda bana, usiniangushe."

Nikasukumiwa jogoo, jogoo akaanza kunipiga mabawa usoni, sista akaniambia maneno marefu haraka kama mvua kwenye mabati, bila picha, nisielewe hata moja, akina mama wakapiga vigelegele, khocha naye ananikazia macho, "Ongea! Ongea!" na kichwani nilikuwa na sentensi moja tu ya mambo ya kuku, ile ya mbweha wa hadithini akiwa mlangoni kwa kuku. Maana yake naijua vizuri. Mdomo haukunisubiri. "Ábreme, gordita, que hoy te como," yaani nifungulie, kanono wangu, leo nakula wewe, na mbaya zaidi niliitoa kwa sauti ya mbweha.

Sista ni mnene.

Akarudi nyuma. Kanisa likapiga makofi, mzee mmoja akasema "Amina!" Lakini dereva wa sista, kijana wa kule Kwanza, karibu na Kitale, aliyekaa na masista wengine wa shirika lake mpaka akashika lugha yao, alikuwa ameegemea ukuta akicheka machozi. Watu wakamuuliza kuna nini, naye bila huruma akapaza sauti, "Ati amemwambia sista, we mnono, fungua, leo nakukula!"

Kicheko kilichotoka hapo, nafikiri kilifika Bumula. Nilimwachilia jogoo akaingia chini ya viti, nami nikakimbilia nyuma ya jikoni. Khocha akanifuata, nikadhani anakuja kunituliza.

"Umeniaibisha mbele ya padre! Nani alikutuma ujifanye unajua?"

Mimi! Ati mimi ndiye nilijifanya!

Kesho yake alienda kwa sista kuomba msamaha kwa niaba yangu, akaenda na binti yake. Huyo binti ndiye anakaa na watoto sasa. Kihispania hajui hata salamu. Na wiki iliyopita khocha amenipigia simu, bila haya, "Si uko na zile hadithi kwa simu? Mtumie dada yako ajifunze."

Sijamjibu. Nimeapa kwamba kitu ninachojifunza, mtu wa ukoo hatakisikia tena mpaka nikimalize. Lakini binti hana makosa, na wale watoto ni wadogo, wanaongeleshwa na mtu asiyeelewa anachoagizwa. Ninyi mngemtumia? Niandikieni mniambie, maana mimi kila nikishika simu nitume, naskia ile "Umeniaibisha," na naiweka chini.