Malkia Asiyekamatwa

"Papa, juu ya nini haumukamati malkia yake?"

Marcelline alikuwa na miaka tisa alipouliza hivyo, amelala kifudifudi kwenye mkeka, macho kwenye ubao wa sataranji. Ilikuwa 1980. Baba yake, Donatien, karani wa posta ya Bunia, alicheza na mashine nyeusi yenye ukubwa wa kitabu cha misa, aliyoachiwa na profesa wa hesabu, Mbelgiji, aliporudi kwao. Unabonyeza, nayo inajibu kwa herufi na namba nyekundu. Askari wake unamsogezea mwenyewe, kama unavyomkatia nyama mgonjwa.

Ajabu yake ni kwamba ukicheza vilevile, nayo inajibu vilevile. Donatien aliandika yote katika daftari. Hatua ya kumi na moja, mashine inamwacha malkia wake wazi kabisa, kama mtu aliyesahau kufunga mlango. Donatien alimtazama huyo malkia, akampita, akasogeza askari wa pembeni. Mtoto akaambiwa akalete maji.

Mama yake, Léonie, alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Nyumba ilibaki na watu wawili na mashine. Halafu 1983 Marcelline akaenda internat, shule ya bweni ya masista kule Mahagi, ikabaki na mtu mmoja na mashine. Majirani walimtania Donatien kwamba ameoa ile kitu na hata mahari hakutoa. Alicheka nao, akaingia ndani, akarudisha mlango.

Siku moja mashine ikafa. Pile, yaani betri zake, zilivuja, matumbo yake yakaoza, na fundi wa radio akasema hakuna dawa. Marcelline alipokuja likizo alikuta ubao ungali mezani, askari wamepangwa safi, vumbi juu ya vichwa vyao. Baba alikuwa amekonda. Ukimuuliza kitu, jibu lilichelewa kama barua ya Kinshasa.

Pasaka ya 1986, Evariste, kaka wa marehemu mama, mfanyabiashara, alirudi kutoka Nairobi na kifurushi. Ndani mlikuwa na mashine ya kijivu, jina jingine la dhahabu usoni, na sanduku lilisema ni mpya, haijawahi kuonekana. Evariste alijivuna kwamba hii sasa ni profesa mwenyewe, haipigwi na mtu wa posta.

Donatien alivuta daftari lake la zamani, akafuata mstari kwa mstari. Hatua ya tatu, jibu lilelile. Ya saba, lilelile. Ya kumi na moja, namba nyekundu zikawaka, na malkia akaachwa wazi.

Evariste alitazama daftari, akatazama mashine, akaelewa.

"Shemeki, bananiuzishia mbuzi ya zamani na ngozi ya mupya. Lete, nitabarudishia yabo."

Donatien aliweka kiganja juu ya mashine, taratibu, kama juu ya kichwa cha mtoto mwenye homa.

"Acha ikae. Imetoka mbali."

Mjomba alitoka akinung'unika. Baba akasogeza askari wa pembeni, kama zamani. Marcelline, msichana wa miaka kumi na tano sasa, ambaye Jumatatu angepanda gari kurudi Mahagi, akakaa kando yake na kumuuliza tena lile swali la mkekani.

Safari hii hakutumwa maji.

"Nikimukamata, muchezo inaisha mbio," baba alisema. "Halafu nabakia na nani humu ndani?"