Papa Prefe na Orodha ya Kusubiri

Nilikuwa nashuka ngazi za metro pale Porte de Namur, mvua imenilowesha mabega, mwanamama mmoja anayesuka nywele kwenye Galerie d'Ixelles aliponishika mkono kwa nyuma. "Tonton, balikuambia? Papa Prefe ametuacha. Leo asubuhi, ku hospitali." Watu walitupita huku na huku, nasi tumesimama katikati ya ngazi tukiwazibia njia. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba mimi si mwandishi wa taazia. Marehemu wanasifiwa mno magazetini, mpaka mtu akisoma anajiuliza kama wabaya ndio tuliobaki hai. Lakini mzee huyu nimemjua tangu mwanzoni mwa miaka hii ya tisini. Tumebishana, tumecheka, tumenuniana na kupatana, na kifo chake kimeniuma kwelikweli. Jina lake sitaliandika. Mwenyewe alikuwa na sababu za kutopenda litajwe ovyo, na sababu hizo ndizo ninazotaka kuzisimulia leo.

Alikuwa mkuu wa shule ya sekondari kule Bukavu, enzi nchi ikiitwa bado Zaire. Cheo hicho Wakongo wanakiita préfet, na ndipo alipopata lile jina la Papa Prefe ambalo hata watoto wa Matonge, mtaa wetu Waafrika hapa Ixelles, walimwitia. Alipokimbilia hapa Brussels alipokelewa na dada yake, mjane mwenye binti mmoja, katika nyumba ya kupanga karibu na Flagey. Ombi lake la ukimbizi likakataliwa, akakata rufaa, na rufaa ikalala usingizi mzito. Basi kwenye karatasi za komuni, yaani manispaa, nyumba ile ilikuwa ya mama na binti tu. Mwanamume mrefu mwenye miwani, aliyelala sebuleni na kupika ugali wa muhogo kila Jumapili, hakuwemo. Mimi nilikutana naye kwenye baraza letu la kahawa la Jumamosi, na salamu yake ya kwanza ilikuwa matani. "Mutanzania, Kiswahili yako ni ya redio. Muntu anaweza kuomba nayo kazi, lakini hawezi kucheka nayo." Nilimjibu kwamba ya kwake haina sarufi. Tukawa marafiki hapo hapo.

Watu walimfuata hasa kwa jambo moja. Katika mji huu zipo shule, za uuguzi na ukunga hasa, zisizoweza kupokea kila aliyefaa, kwa sababu hospitali ambako wanafunzi hujifunzia kazi zina nafasi chache. Basi kila kiangazi kuna kijana anayepata jibu ambalo si ndiyo wala si hapana: unafaa, lakini tumejaa, subiri kwenye orodha. Afadhali aliyekataliwa, maana huyo analia siku yake kisha anatafuta mengine. Anayesubiri hali wala halali, na nyumba nzima inasubiri naye. Na sisi tukisubiri hatukai kimya, loo! Wako wanaofunga na kukesha kanisani. Wako wanaopiga simu shuleni kila asubuhi mpaka karani anaijua sauti yao na kuichukia. Nakumbuka familia moja ya Lubumbashi iliyokwenda kumwombea binti yao nafasi vile vile kama watu wanaokwenda kuposa: wazee wamevaa suti, akina mama wamevaa vitenge vya sare, na mchungaji wao, alipoingia tu ofisini, akamtaka kila mtu afumbe macho waombe. Karani aliyafumbua ya kwake upesi akamwita mlinzi. Papa Prefe aliposimuliwa alicheka hadi akavua miwani afute machozi, kisha akanigeukia na uso mwingine. "Usibacheke sana. Kule kwetu, kama habakukuja vile, miye ningesema banizarau. Famille yenye haiji, ni kama haitaki mutoto asome."

Alijua alichokisema, kwa kuwa alikuwa amekaa upande wa pili wa meza. Miaka mingi ndiye aliyeamua nani aingie darasani na nani arudi nyumbani, na alijua mkuu wa shule anawaza nini kiti kinapobaki wazi ghafla mwezi wa tisa. "Bon, sikiliza muzuri," aliwaambia vijana. "Ile siku kiti inatoka, direktere haiko anatafuta mwenye akili kupita bote. Bote beko na akili. Yeye iko na haraka. Anatafuta mwenye ataitika. Donc, andika barua moja, fupi, useme ungali unataka, na kama bakikuita utakuja siku ile ile. Kama uko na kitu mupya, cheti, kazi, tia ndani. Nyuma ya ile, nyamaza." Aliwasisitizia pia wajiandikishe shule nyingine wasije wakakosa kote. Aliwaambia wabandike majina yao kwenye kengele ya mlango, maana jina lisipoonekana pale barua inarudi ilikotoka, na waache kuongea na Bukavu saa za ofisi, simu isije ikakutwa inatumika. Ni mambo madogo, lakini nimewaona kwa macho yangu vijana waliokosa mwaka mzima kwa ajili ya kengele isiyo na jina.

Mwaka mmoja aliyesubiri akawa yule binti wa dada yake. Aliomba shule ya ukunga, na alikuwa ameitaka kazi hiyo tangu utotoni kiasi kwamba mama yake aliogopa hata kumwuliza akikosa itakuwaje. Alifuata kila neno la mjomba wake. Aliandika barua moja, akatia ndani cheti kutoka nyumba ya wazee alikofanya kazi kiangazi chote, akiwalisha na kuwaogesha, na akanyamaza. Masomo yakaanza bila yeye. Mama alikuwa akisafisha maofisi mchana, binti yuko kule kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo kazi ya kulinda simu alipewa Papa Prefe. Aliilinda haswa. Jirani akija kuazima simu apige kwao alitimuliwa kabla hajamaliza salamu. Kisha asubuhi moja ikalia. Sauti ya mwanamke wa Kizungu, yenye adabu zake zote, iliuliza kama hapo ndipo anapoishi binti fulani, ikataja majina yake yote, la kwanza mpaka la mwisho. Papa Prefe akajibu kwa Kifaransa chake safi kwamba hapana, bibi, hapa hakuna mtu wa jina hilo. Akaweka simu chini.

Msimshangae. Katika nyumba zetu nyingi hapa hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na watoto waliijua kabla ya kujua namba ya simu yenyewe. Mzungu akikupigia na kukutaja kwa majina yako yote, huyo ni komuni, au ni polisi wa mtaa anayehakikisha nani analala wapi, au ni mtu wa madeni. Hayupo, simjui, kwaheri. Papa Prefe alikuwa ameishi miaka katika nyumba ambayo kisheria hakuwemo, na ulimi wake ulijibu kabla akili haijafika. Ilipofika, alipiga namba ya shule, akakuta inatumika. Akapiga tena, inatumika. Mwisho ikawa inalia tu bila kupokewa, kwani ofisi ilikuwa imefungwa mpaka kesho yake. Akaja kwangu. Sijapata kumwona mtu mzima aliyenyauka vile kwa nusu siku.

"Nimeua mutoto," alisema, hata kukaa hajakaa. "Miye mwenyewe, na hii kinywa yangu."

Nilimpa kiti, nikampa chai, kisha nikampa ujanja. Nilimwambia asijiue kwa mawazo, kesho aende aseme shule ilikosea namba, basi, yamekwisha. Nani asiyekosea namba?

Aliweka kikombe chini. "Alors, bataandika nini ku dossier? Ya kama mutoto alitoa namba mubaya. Ataonekana muntu wa ovyo-ovyo, na yeye aliandika muzuri kabisa. Kosa ni ya nani?"

"Yako," nilisema, maana hakupenda kupakwa mafuta.

"Voilà. Ni miye nitasema."

"Na wakikuuliza wewe ni nani? Wakikuuliza unakaa wapi?"

Alimaliza chai, akaniomba nimsindikize asubuhi.

Alikuja amevaa suti yake ya ukuu wa shule, ambayo sasa ilimpwaya mabegani. Karani, mwanamama wa Kizungu, alifungua faili akatuonyesha: mbele ya jina la binti palikuwa pameandikwa kwamba hajulikani kwenye namba hiyo, na nafasi ilikwisha tolewa kwa anayefuata. Papa Prefe akamwambia kwamba namba ni sahihi, aliyejibu ni yeye, na alichojibu kilikuwa uongo. Yule mama akauliza, na kwa haki yake, mtu mwenye akili timamu anafanyaje jambo kama hilo. Mzee akamweleza taratibu kwamba anaishi kwa dada yake bila kuandikishwa, na kwamba katika mji huu, mtu wa ofisi akimtaja mmoja wetu kwa majina yote, ni nadra kuwa anataka kumpa kitu. Kisha, bila kuulizwa, akataja jina lake zima, mtaa, namba ya nyumba na ghorofa, akamwambia aandike. Nilitamani kumkanyaga mguu. Niliogopa sana, macho yangu yalikuwa kwenye simu iliyokuwa mezani, nikiwaza mama huyu atampigia nani tukishatoka.

Karani alisema hawezi kumnyang'anya nafasi msichana aliyekwisha kupewa. "Wala sikuombi hivyo," Papa Prefe alimjibu. "Nimekuwa mkuu wa shule. Nafasi iliyotolewa imetolewa. Naomba tu uandike kwamba mtoto wetu yupo." Yule mama akayafuta yale maneno ya jana, akaandika mengine mahali pale pale, halafu akafunika kalamu yake. Jina la mzee na anwani yake hakuviandika popote. Nilikuwa nimesimama karibu na niliona.

Wiki chache baadaye msichana mmoja wa darasa lile alipelekwa wodini kwa mara ya kwanza, akaona damu, akafungasha akarudi kwao Liège. Simu ikalia kule Flagey. Papa Prefe aliniambia kwamba safari hii alijibu vizuri: ndiyo, bibi, yuko kwetu hapa, nami ni mjomba wake. Binti aliwaaga wazee wake wa kule kazini akaenda shuleni alasiri ile ile. Leo ni mkunga, na wako watoto wengi wa Ixelles ambao mikono ya kwanza kuwashika duniani ilikuwa ya kwake. Karatasi za ukaazi za mjomba zilikuja baadaye mno, wakati mapafu yamekwisha mchoka.

Kwenye matanga nilikaa karibu na binti huyo. Alijua ni nani aliyejibu vibaya siku ile, maana mzee alimwambia jioni yake, naye akamnunia, hata chakula alikuwa akimwekea bila kusema neno. Alijua pia kwamba tulikwenda shuleni. Yaliyosemwa mle ndani hakuyajua. Papa Prefe alinikataza nisiyatoe, nami niliyaweka mpaka sasa. Nilipomsimulia, aliweka sahani yake chini.

"Donc alitaja jina yake? Na adresse?"

"Na ghorofa."

"Mungu wangu! Na miye nilimununia!" Akalia kwa sauti, akina mama wakaja kumshika, naye akawa analia na kucheka kwa pamoja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiri juu ya watu wa kizazi chetu katika miji hii ya ugenini. Tunasubiri shule, tunasubiri nyumba, tunasubiri hakimu, tunasubiri nchi zetu zitulie, na huku tunasubiri tumejizoeza kutoonekana. Siwalaumu wenzangu, woga wetu haukuanguka tu kutoka mbinguni. Lakini anayeita hawezi kumpata aliyejificha, hata akiwa amekuja na heri mkononi, na mara nyingi gharama ya kujificha kwetu wanailipa watoto ambao wenyewe hawana cha kuficha.

Kwa hiyo wewe uliye na kijana kwenye orodha mwaka huu, mwache aandike barua yake moja fupi, aseme anataka, atie na jambo lake jipya, abandike jina kwenye kengele, ajiandikishe na shule nyingine kwa tahadhari. Yote hayo yanasaidia. Kisha waite wote wanaolala chini ya dari lako uwaulize: siku mtoto huyu atakapoitwa kwa majina yake yote, ni nani kati yetu atakayejibu kwamba yupo, hata kama jibu hilo litamfichua yeye mwenyewe? Yule binti alikuwa na mtu wa namna hiyo nyumbani kwao. Tumemzika Jumamosi.