Kilo za Maji

Wauza nyama choma wa Kenyatta Market walinijua tangu nikiwa bondia. Wakati huo nilikuwa naingia pale Jumamosi mchana baada ya mazoezi, begi mgongoni na plasta juu ya jicho, na yule anayesimama nje kuita wateja alikuwa akiniletea kipande cha mbavu kwenye ubao nionje kabla sijaagiza. Niliacha ndondi, lakini Jumamosi sikuiacha. Begi halikuwepo tena wala plasta, ila kipande cha kuonja kilikuja vilevile, na nyuma yake kilo ya mbuzi, na ugali, na kachumbari ambayo nilijiambia ndiyo mboga.

Siku moja yule mwitaji alinitazama kutoka viatu hadi kichwa. "Champe, siku hizi unapigana uzani gani? Ama ulikula mpinzani?"

Meza ya jirani ilicheka. Nilicheka nao, nikakaa, nikala yote, na nilipoinuka nikavuta shati chini kwa mikono miwili. Shati hilo alikuwa amelinunua mke wangu. Alikuwa ameikata lebo ya saizi kwa wembe kabla ya kulitundika kabatini, na mimi sikumuuliza kwa nini.

Watu hudhani mwanamichezo akinenepa ni kwamba amegeuka mlafi ghafla. Mimi sikuongeza hata kijiko. Nilikula kama nilivyokula nilipokuwa naamka alfajiri kukimbia Ngong Road, nikiruka kamba, nikipiga mfuko jioni mpaka mikono ikatae kuinuka. Kazi ilisimama, chakula kikaendelea. Siku hizi kutwa nzima niko nyuma ya kaunta katika duka la vipuri vya magari katikati ya mji, na mbio yangu ndefu ni kwenda stoo kutafuta beringi. Njaa haikuambiwa kwamba nimestaafu.

Yote hayo yangebaki aibu ya kawaida, ya kuvuta shati na kukwepa picha za harusi, kama si dada yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, hapo Waithaka, katika kipande cha shamba tulichoachiwa na baba. Hajawahi kunipiga wala kunitangazia mema yake. Sasa figo zake zimekufa zote mbili. Kila wiki anakwenda hospitalini kusafishwa damu kwa mashine, na kwa kuwa mwili wake hautoi maji, kila anachokunywa kinabaki ndani kikimvimbisha miguu na kumbana pumzi. Kwa hiyo maji yake ni ya kupimiwa: kikombe kidogo asubuhi, kingine jioni, na humo humo kuna chai na supu. Mchana ananyonya kipande cha barafu.

Nilijitolea kumpa figo moja. Tulipimwa, damu zikaingiana, familia nzima ikashangilia. Kisha daktari akanipandisha kwenye mizani na sura yake ikabadilika.

"Wewe ni mzima," alisema. "Lakini siwezi kukupasua ukiwa na uzito huu. Ni hatari kwako kwenye meza, na ni hatari kwa ile figo moja utakayobaki nayo. Punguza polepole, halafu tupange."

Dada alikuwa ameketi karibu nami. Aliangalia tumbo langu tu, bila lawama, kama mtu anayetazama mto akijiuliza atavukia wapi. Nilijikunja kitini. Maisha yake yalikuwa yamekwama kwenye mbavu za mbuzi nilizokula Jumamosi baada ya Jumamosi, na yeye alikuwa ananihurumia mimi.

Daktari alinituma kwa mtaalamu wa lishe, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini. Nilimwambia asijisumbue.

"Madam, hii kazi naijua. Nimetoa kilo maisha yangu yote, kabla ya kila pigano."

"Ulikuwa unatoa kwa muda gani?"

"Siku chache tu."

"Na zilikuwa zinarudi lini?"

"Jioni hiyo hiyo, nikishapimwa."

"Basi hiyo ilikuwa maji," alisema. "Mimi sitaki maji yako. Nataka mafuta, na mafuta haina haraka."

Alinichorea sahani kwa kidole juu ya meza: nusu mboga, robo nyama au maharagwe, robo ugali. Ugali uwe kiasi cha ngumi. Nilimuuliza ngumi yangu ama yake. Aliutazama mkono wangu, akacheka. "Yangu, tafadhali." Alinionya nisiruke kiamshakinywa, kwa sababu njaa ya saa nne ingenipeleka moja kwa moja kwa mwenye chapati. Soda niache, bia nipunguze, nilale mapema. Nisirudie mazoezi yangu ya zamani kwa pupa, magoti yataniacha njiani. Ila niinue vitu vyepesi nyumbani ili misuli isiishe pamoja na mafuta. Na nitembee kila siku.

"Kutembea tu?"

"Kutembea tu."

Nilitoka pale nikiona amenidharau. Kutembea ni kazi ya mama mkwe anayetoka kanisani. Hata hivyo nilijaribu. Jioni nikitoka kazini nilishuka Adams Arcade, kwenye Ngong Road, badala ya kufika nyumbani kwa gari, nikatembea kuelekea Dagoretti Corner nikiwa nimevaa kofia ya jaketi hadi kwenye nyusi, ingawa hakukuwa na baridi. Nilikuwa naogopa kuonwa. Barabara hiyo ilinijua nikiwa mwepesi.

Na nilionwa. Vijana wa klabu yetu ya zamani walikuja mbio kutoka mbele, jasho likiwatoka, na aliyeongoza akanitambua.

"Niaje, coach?"

Sikuwahi kuwa kocha wa mtu. Tumbo ndilo lililonipa cheo hicho. Mwingine aligeuka akawa anakimbia kinyumenyume, akipiga hewa ngumi. "Kuja basi, mzee, twende!" Nilitoa simu nikaiweka sikioni nikaanza kuongea na mtu ambaye hakuwepo, nikamwuliza habari za watoto, mpaka walipokata kona. Siku iliyofuata sikushuka Adams. Wala iliyofuata hiyo.

Dada alikuwa akinipigia simu jioni.

"Inashuka?"

"Inashuka."

"Mungu ni mwema. Nimeambia watu wa kikundi cha maombi, wanakushukuru sana."

Ningeweza kumwambia ukweli wakati wowote. Kila siku iliyopita iliufanya uwe mgumu zaidi, na kila siku nilijituliza kwa kitu kimoja: kwamba hata mambo yakiharibika, najua njia ya mkato. Mizani haijawahi kunishinda.

Juma la miadi ya kupimwa tena lilipofika nikaitumia njia hiyo. Kule klabuni tuliiita kujikausha. Unavaa koti la mvua la nailoni ndani ya suti ya mazoezi, unajifungia bafuni na karai la maji ya moto, unaruka kamba kwenye mvuke mpaka viatu vilie. Hunywi. Ukiona kiu, unatema mate kwenye chupa, maana mate nayo yana uzito wake. Nilijua kila hatua na mwili ulikumbuka, isipokuwa sasa ulikuwa mwili wa mtu mzima mwenye moyo unaopiga masikioni. Mke wangu aligonga mlango akauliza nafanya nini humo. "Mazoezi," nikasema, na sauti ikatoka kavu hata mimi nikaishangaa.

Muuguzi alinipandisha kwenye mizani, akatazama faili, akatazama mizani tena. "Umejitahidi sana," alisema. Dada alikuwa kwenye benchi la korido na akasikia. Alipiga makofi kidogo, taratibu, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na bandeji ya mashine. "Asante Yesu," akasema. Nami nikainua ngumi, si juu sana, kama tulivyokuwa tukifanya tukipita uzani. Nilifurahi kweli. Katika mambo yote ya siku ile, furaha hiyo ndiyo inayonitesa zaidi.

Walipotaka kutoa damu mshipa ulijificha, wakanichoma mara kadhaa. Mkojo nilioweka kwenye kikopo ulikuwa rangi ya chai ya rangi iliyokolea, nikaufunika kwa kiganja nikiupeleka dirishani. Nilipoketi karibu na dada alinitazama mdomo kwa muda.

"Midomo yako imepasuka."

"Ni baridi."

Alikuwa ameiona midomo hiyo mara nyingi. Ni yeye aliyekuwa akinisubiri nje ya kumbi za kupimia uzani, ameshika flaski ya uji.

Majibu yalipotoka daktari alituita sote wawili. Alisema vipimo vya kwanza vilionyesha figo nzuri, na vya leo vinaonyesha figo zilizochoka, na haelewi imekuwaje. Kama kuna ugonjwa umeanza, alisema, basi mimi siwezi kumpa mtu figo. Alizungumza na mimi lakini macho yake yalikuwa kwa dada.

"Daktari," dada akasema, "muulize alikunywa maji lini mara ya mwisho."

Nikaeleza. Nilieleza nikitazama miguu ya meza: koti, karai, chupa ya mate. Niliposema kwamba sikuwa nimepunguza chochote cha maana tangu mara ya kwanza, nilisikia dada akivuta pumzi.

Daktari hakupaza sauti. "Hizi figo ndizo nilikuwa nataka kumpa," alisema. Turudie vipimo baadaye, nikishakunywa na kupumzika. Huenda zikapona, na huenda tukakuta nimeziumiza. Nafasi ya upasuaji aliyokuwa akituombea angempa mgonjwa mwingine.

Tuliketi nje kusubiri gari la binamu. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa.

"Mimi nikiamka nafikiria maji," dada alisema. "Jirani akifungua mfereji nasimama tu hapo nasikiliza. Mvua ikinyesha nafunga dirisha, sitaki kuona. Na wewe maji iko hapo kwa jikoni yako, hakuna mtu amekukataza, unakataa kunywa ndio mizani ifurahi."

"Nilikuwa nataka kukusaidia."

"Hapana. Ulikuwa unataka kushinda."



Usiku huo nilimwambia mke wangu kila kitu, pamoja na habari ya lebo, kwamba nilikuwa nimeona. Akalia kidogo, akaniuliza mboga gani nitakula bila kununa. Tukaanza na sukuma wiki na terere. Ugali wangu sasa yeye ndiye anayeupima, kwa ngumi yake, ambayo ni ndogo kuliko ya yule mtaalamu. Asubuhi nakula yai na kiazi kitamu kabla ya kutoka, na ni kweli saa nne inapita bila vita. Kenyatta Market sijaihama. Mke wangu akienda huko kusukwa nywele namsubiri, tunakula robo kilo wawili, na mwitaji ananiambia nimefilisika.

Na ninashuka Adams Arcade kila jioni, bila kofia. Vijana wale nimekutana nao tena. "Coach, bado unapiga simu?" aliuliza yule wa mbele, kumbe siku ile walijua. Uso uliniwaka. Nikamwambia nilistaafu na sasa natembea, ndiyo kazi niliyopewa. Akasema poa, akapita.

Uzito unashuka kwa kusitasita. Kuna wiki hausogei kabisa, na kuna wiki uliyopanda baada ya ruracio ya binamu, sherehe yetu ya mahari, ambako mtu hukaa mbele ya sinia na kukataa ni kama kuikataa familia. Zamani ningejifungia bafuni. Nilimpigia dada nikamwambia umepanda. Akasema sawa.

Vipimo vilirudiwa na figo zikaonekana zimerudi katika hali yake. Daktari alilisema hilo bila tabasamu, akaongeza kwamba bado kuna kilo za kutoa, na kwamba hawezi kutupa tarehe. Dada anazidi kuchoka. Siku za mashine akirudi nyumbani analala na viatu.

Jumapili naenda Waithaka baada ya kanisa. Haniulizi tena kama inashuka. Anaingia jikoni kwa mwendo wake wa taratibu, anarudi na glasi ya maji iliyojaa hadi juu, anaiweka kwenye stuli mbele yangu, kisha anaketi upande wa pili. Jumapili ya kwanza nilimwomba anisamehe, nikasema nitakunywa huko nje, si mbele yake.

"Mbele yangu," alisema. "Ukisema umekunywa siwezi kuamini."

Basi nakunywa. Natamani ardhi ipasuke inimeze, lakini nakunywa, na siachi kitu. Yeye anaangalia maji yanavyoshuka kwenye glasi, na kila ninapomeza, koo lake nalo linameza, kavu.