Juma Langu la Mwisho na Kilima cha Matanuru

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Kolwezi, sikupewa hata kiti. Chef de Service, mkuu wa ofisi, bwana mrefu ambaye miwani yake ilifungwa kwa uzi, alinipa ramani na karatasi tupu. "Mama, panga juma moja ya kutembeza batoto ku bitu bya zamani. Mangaribi nitakuya kuona." Ofisi yetu ilikuwa ya safari za masomo. Kila likizo kubwa, Julai na Agosti, mvua zikiwa zimekatika na barabara zimekauka, tuliwapeleka wanafunzi wa sekondari kwenye mahali pa historia. Nikapanga siku saba na vituo kumi na viwili, nikajiona fundi.

Alisoma, akacheka mpaka machozi. "Aba batoto banakula saa ngapi? Na camion ikikufa ku njia?" Akachukua kalamu nyekundu akaifuta siku ya tano yote. Ndivyo nilivyojifunza siku tupu: katika juma unapanga siku sita, moja unaiacha bila kitu, maana njia nayo ina mipango yake. Jambo la pili lilikuwa utangulizi. Majuma matatu kabla ya safari, mpangaji huenda mwenyewe, hulala watakapolala watoto, huonja maji ya kisima, huangalia vyoo, husalimia wenyeji. Ndipo anaandika feuille de route, karatasi ya njia, yenye saa, kilomita, zahanati na jina la mtu wa kuulizwa kila mahali. Ninyi vijana mnaotazama simu na kusema "ni saa mbili tu toka hapa", mnanichekesha sana.

Kituo changu cha kwanza nje kilikuwa Kasaji. Chef de Gare wa huko, mkuu wa stesheni, alinifundisha kupanga kwa reli. Nilipomuuliza treni inafika saa ngapi alinitazama kwa huruma. "Mama, treni iko sawa na mukwe. Haiulizwake saa. Unapika tu, unangoya." Baadaye nikapelekwa Lubudi, na huko, katika utangulizi wangu mmoja, nilionyeshwa kilima cha matanuru.

Ukikitazama kwa mbali utasema ni vichuguu tu. Ukikaribia unaona midomo myeusi ya matanuru yaliyojengwa kwa udongo wa vichuguu. Humo wazee wa kale waliyeyusha shaba kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi, wakaimimina katika mchanga ikawa misalaba, na kwa misalaba hiyo watu walinunua na kuoa. Nilikipenda kilima kile kama mtu anavyopenda mtoto asiyesifiwa na wengine. Niliporudi Kolwezi kuwa mkuu wa mipango, sikukosa kukiweka kwenye safari, mpaka wakubwa walipoanza kukifuta.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, chefu wa kijiji kile alinipigia simu. Wachimbaji walikuwa wamemwomba kilima, na alipaswa kuwajibu likizo ikiisha. "Mama, hakuna mutu anafikaka tena kukiona. Mi nitabakatalia na maneno gani?" Nikaelewa. Tusipofika mwaka huo, matanuru yatakwenda kwa sululu.

Directeur wetu mpya hakutaka kusikia. "Ju ya nini kuonyesha batoto biulu, bichuguu bya bulongo? Tubapeleke ku hoteli yenye piscine ya kuogelea."

"Monsieur le Directeur," nikasema, "piscine itakuwa pale hata mwaka kesho. Kile kilima, hapana."

Alinung'unika, lakini akatia sahihi.

Sasa niwaambie kosa langu, maana sitaki mnione malaika. Magoti yalikuwa yananiuma, nikafanya utangulizi kwa simu, na chefu peke yake. Siku ya nne ya juma hilo, la mwisho kwangu, tukafika na wanafunzi thelathini. Njiani, katikati kabisa, mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye kigoda, fimbo magotini. Nyuma yake walisimama wachimbaji wale walioomba kilima, na sululu zao.

"Mulisalimia chefu," mzee alisema. "Njo muzuri. Na aba bazee ba zamani banalala hapa, ni nani alibasalimia?"

Chefu akatazama chini. Ardhi ni ya chefu, lakini matanuru ni ya ukoo wa wayeyushaji, na mzee huyo ndiye mkubwa wao. Kila mwenyeji alilijua hilo. Miaka yote niliwagombeza vijana juu ya utangulizi, na leo mimi nimesalimia nyumba nikamsahau mwenye nyumba. Mganga hajigangi. Niliona aibu.

Dereva alitaka turudi Lubudi. Nikakataa; nilikuwa na siku tupu. Tukalala kijijini. Asubuhi nikavua viatu, nikaketi chini mbele ya mzee, nikapiga makofi polepole kama desturi ya huko, nikaweka chumvi na kitambaa cheupe. Sikuomba kilima. Niliomba msamaha tu.

Mzee akauliza: "Nkambo yako, babu yako, alikuwa mutu wa wapi?"

"Wa Kasai, tata. Balimuleta kutumika ku usine, kiwanda ya shaba. Alichomaka ile mukuba ku four, tanuru ya bazungu, mpaka macho ikakufa."

Mzee akaniangalia upya. "Alichoma mukuba? Basi alikuwa mutu wa kazi yetu. Simama, mwanangu. Vala biatu."

Alitutangulia yeye mwenyewe. Aliwaonyesha watoto mahali pa mivukuto na mahali shaba ilipotokea. Kisha akawaita wachimbaji: "Na benye sululu bakuye. Aba ni bankambo benu vilevile." Kijana mmoja wao aliokota jiwe la kijani lenye shaba akawaeleza wanafunzi namna ya kulijua kwa uzito, vizuri kuliko mwalimu wao. Walipomaliza, mzee akamgeukia chefu mbele ya wote. "Kilima hiki hakichimbwe. Kiko na bageni."

Chefu akaitikia kwa sauti, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mchimbaji yule akacheka. "Sawa, tata. Bilima biko mingi." Watoto wakapiga kelele, nami nikacheza na magoti yangu mabovu.

Nimestaafu sasa. Wananiuliza nilichopata katika kazi ile, maana nyumba yangu ni ndogo. Mwezi uliopita nilikodi pikipiki nikaenda kutazama. Toka barabarani ni mashimo na maturubai, pande zote, hadi macho yanapokoma. Katikati kilima kimesimama, na matanuru yake yote juu. Nikapiga kigelegele palepale, peke yangu.

Mwenye pikipiki akashtuka. "Mama, nani ameolewa?"

"Hakuna mutu," nikamwambia. "Ni mi njo nilishinda."