Mistari Ndani ya Shanga

Mwaka ule wa shahada yangu ya pili, hapa Kakamega, nilipewa kazi ya kuona kile ambacho hadubini ya kawaida haionyeshi. Mwanga una mpaka wake: vitu vidogo vikibanana kupita kiasi, huonekana kitu kimoja. Lakini ukilaza shanga ya kioo, ndogo kuliko chembe ya unga, juu ya kitu chenyewe, huweza kukikuza kabla hadubini haijakipokea. Mimi nilitafuta mistari iliyobanana hivyo, iliyochongwa kwenye diski ya filamu.

Wiki tano sikuona kitu. Halafu asubuhi moja nikaona mistari ndani ya shanga. Nikampigia baba simu, akiwa Lurambi anapalilia miwa.

“Nimeiona, baba.”

“Mungu ni mwema, mama,” akasema. Huniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake. Kufikia adhuhuri majirani walikuwa wameshajua.

Alasiri mwalimu wangu aliinamia hadubini. “Geuza diski kidogo, papo hapo ilipolala. Usiguse kingine.”

Nikageuza. Mistari haikugeuka nayo. Ulikuwa mwanga wa taa tu, ukijirudia ndani ya shanga.

“Pole,” akasema, akaenda darasani.

Jioni nilimkuta baba nyumbani akila obusuma, ugali wetu. Nikamwambia nilichokiona hakikuwa mistari.

“Nani anajua?”

“Mwalimu na mimi.”

“Ulitaka kunyamaza?”

“Nilitaka.”

Akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi. “Basi hao watu nitawaambia mimi. Wewe rudi kwa kazi.”

Na kweli aliwapitia, nyumba kwa nyumba.

Juma lililofuata, mama anayetunza maabara alinikuta nikifuta diski. Akaikwaruza kwa ukucha. “Hii si iko na ngozi juu?”

Ilikuwa nayo: utando wa plastiki angavu, mwembamba kwa macho yetu, lakini ulitosha kuiweka shanga mbali na mistari. Niliubandua kwa wembe, nikatandaza shanga upya. Mistari ikatokea, myembamba kuliko ile ya kwanza. Sikufurahi. Niligeuza diski, mistari nayo ikageuka. Nikageuza tena. Hapo ndipo nilipokaa.

Yule mama wa maabara akachungulia. “Ni hiyo tu?”

“Ni hiyo tu, mama.”

Akavuta kiti, akatazama tena, safari hii kwa muda mrefu.