Mtoto Aliyesifiwa kwa Kunyamaza

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne anaupiga mlango kwa viganja. Analia mpaka kamasi zinamwingia mdomoni. Mama yake amechoropoka kwenda kazini bila kumuaga.

Mlezi anamwinua, anamfuta, anatabasamu.

"Lia, bosi wangu. Anayelia ana anayemtaka."

Mlezi huyu, ambaye akina mama humwita Chiriku kwa kupenda kuongea, analea watoto saba katika chumba chake cha kupanga. Mtoto huyu alipoletwa, mama yake, mpiga pasi kwa dobi, alijisifu: "Wangu hana taabu. Ukimweka hapo asubuhi, jioni unamkuta hapohapo."

Akina mama wenzake walimwonea wivu. Chiriku aliingiwa na wasiwasi.

"Mdogo wangu alikuwa hivyohivyo," anasimulia huku akimenya viazi, mtoto akiwa mgongoni. "Tukamsifu ana adabu, kumbe hakuna aliyemsemesha. Kaingia darasa la kwanza hawezi hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Wakamcheka, darasa la tatu akaacha. Leo ni mtu mzima, anabeba mizigo. Akipunjwa, anainamisha kichwa anaondoka."

Chiriku alimshauri mama ampeleke mtoto kliniki. Muuguzi akakuta masikio ni mazima. Akasema mtoto azungumzishwe tu. Tangu hapo Chiriku humweleza kila kitu, hata chumvi ikizidi. Wiki ya tatu mtoto akaanza kulia akiachwa, na jioni hataki kushushwa.

Mama akaja juu. "Umeniharibia mtoto! Nashinda nimesimama, miguu imevimba, nikifika nyumbani ananing'ang'ania. Nitampeleka kwa yule wa ng'ambo ya barabara. Kwake watoto kimya."

"Hata makaburini kimya, mwanangu."

Mama alicheka bila kupenda. Chiriku akamwomba jambo moja: aache kumtoroka mtoto, amuage. Lakini leo mama ametoroka tena.

Jioni anaingia akiburuta miguu. Mtoto anatupa kizibo alichokuwa akichezea, anamkimbilia kwa kuyumba, anamkumbatia magoti. Mama anachuchumaa palepale kizingitini, anamsikiliza akibwabwaja.

"Ananiambia nini huyu?"

"Anakusuta. Mjibu."

Mama anamjibu kwa muda mrefu. Kisha, bila kumtazama mlezi, anasema, "Kesho nitawahi kidogo. Nipate kumuaga."

Wanapoondoka, Chiriku anakunja mkeka. Anataka kukaa na mtoto huyo mpaka aanze shule.

"Naomba uzima tu," anasema. "Siku moja mwalimu wake aje kulalamika hapa: mtoto gani huyu, maswali hayamwishi!"