Ndoo ya Chumbani kwa Baba

Baba yake alifanya kazi kiwanda cha bia miaka thelathini na moja, kwenye matangi ya kuchachushia, na hakuwahi kuleta nyumbani hata chupa moja. Alicholeta ni harufu ya mkate mbichi yenye uchungu kidogo, iliyoganda kwenye mashati mpaka sabuni ikasalimu amri. Alipofariki, binti yake, fundi cherehani, aliachiwa chumba kitupu na mama aliyeanza kusahau siku.

Wazo la kupika bia lilitoka kwa rafiki wa marehemu wa kazini, mzee mcheshi waliyemwita Povu. Alimletea kimea, hopsi, yale maua makavu yanayoipa bia uchungu, na hamira, akamwelekeza kama anayemfundisha kukoroga uji. Alimwambia kinachoharibu bia ni uchafu, kwa hiyo aoshe kila kitu, na akishaosha aoshe tena. Maji ya kimea yakishachemka ayapoze kwanza, maana akitia hamira yakiwa bado moto ataiua. Kisha afunike, aweke mahali pa baridi, arudi kwenye cherehani yake.

"Wanaoanza wote wanaumwa ugonjwa mmoja," alisema. "Kuchungulia."

Mahali pa baridi palikuwa chumba cha baba. Binti aliweka ndoo miguuni pa kitanda, mrija wa kifuniko ukitumbukia kwenye kikombe cha maji. Kesho yake mchana kikombe kikaanza kutoa mapovu, moja moja, kwa mwendo wa mtu aliyelala. Siku ya tatu harufu ya mashati yale ilijaa nyumba nzima. Alikuwa anapinda suruali ya mteja, mguu ukaganda kwenye pedali.

Alipoenda kutazama, mama alikuwa ameshafika. Alivuta kiti karibu na ndoo, kichwa ameinamisha kama mtu anayesimuliwa jambo. Binti alimwambia hiyo ni bia tu. Mama akaitikia vizuri, akaendelea kusikiliza. Tangu hapo akawa anakula chakula cha mchana palepale, na mara nyingine alicheka chinichini, kicheko ambacho hakikusikika nyumbani tangu msiba.

Siku ya tano alimfuata binti kwenye cherehani. "Baba yako anasema joto limemzidi."

Binti alikwenda ili kumridhisha tu. Kipimajoto kilichobandikwa kwenye ndoo kilisoma nyuzi ishirini na tisa, joto la kuharibu bia. Jua lilikuwa limehamia dirisha lile. Namba zile ndogo mama asingeweza kuzisoma bila miwani, na miwani ilipotea mwezi uliopita. Binti aliizungushia ndoo taulo zilizoloweshwa.

Siku ya kumi na mbili mapovu yalikoma, na binti akapanga chupa azijaze. Mama akasema bila kugeuka, "Usizibe. Bado hajamaliza."

Binti alichota kidogo kwenye koki ya ndoo, akatumbukiza kipimo cha kioo cha kupimia sukari, na kesho yake akapima tena. Sukari ilikuwa bado inashuka. Angeziba, chupa zingepasuka kwa gesi. Alipompigia simu Povu, mzee alicheka, kisha akamwomba ayarudie maneno ya mama. Alisema marehemu aliwaambia vijana wa kazini hivyohivyo, "bado hajamaliza", kana kwamba tangi ni mtu.

Bia ilitoka safi; Povu aliinywa akafuta macho. Lakini mama alitazama ndoo tupu, akauliza ameenda wapi, na siku mbili hakutia kitu mdomoni. Kwa ajili yake binti akapika tena, kwa kimea kilekile na hamira ileile, chumbani mlemle.

Mapovu yalipoanza, mama alivuta kiti, akainama. Alisikiliza sana. Kisha akasimama taratibu, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, asiipe ndoo mgongo.

"Humo kuna mtu," alisema. "Lakini huyu simjui."

Binti alimpita pale mlangoni. Aliibeba ndoo ikiwa bado inabubujika, akaimwaga yote uani, akasimama mbali mpaka povu likakauka juani. Chumba akakifunga kwa ufunguo. Jioni ile mama alikula sahani nzima, kiti chake akiwa amekielekeza kwenye ule mlango, kama anayemngoja yule amjuaye.